Shoga njoo Agosti, tukaendeshe baiskeli New Forest

Shoga yangu kipenzi,

Habari za Mbezi, mama na watoto hawajambo? Huku mi mzima, baridi imeanza kupungua tunamshukuru Mungu. Meseji yako ya juzi nimeisoma nikaona nikuandikie kabisa badala ya zile voisi noti zetu, maana jambo lenyewe refu. Umeniuliza ukija Southampton tutafanya nini, alaf hapohapo ukasema baiskeli hugusi tena tangu lile daladala likusukumie mtaroni. Pole sana mwaya, najua ulivyokuwa unaipenda ile baiskeli. Ila ukija nakuomba uendeshe, hata siku moja tu, na ngoja nikwambie kwanini.

Kuna mahali panaitwa New Forest, msitu na uwanda mkubwa huku kusini mwa Uingereza. Kutoka kwangu ni treni kama dakika 20 hivi mpaka kituo cha Brockenhurst, baiskeli unaingia nayo humohumo ndani (na ukitokea London, kituo cha Waterloo, ni kama saa moja na nusu). Ukishuka unapita kijijini, kuna sehemu kijito kinakatiza juu ya lami kabisa, magari yanapita majini, alaf mbele kidogo unaiacha lami unakuta kizuizi cha mbao, baiskeli inapita gari haipiti. Hapo ndo basi tena. Kuna njia za changarawe zaidi ya kilomita 160 humo ndani, na sio kwamba magari ni machache, hayaruhusiwi, labda mara mojamoja ukutane na gari la watu wa msitu wanaokata miti, maana hizo njia nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya malori ya magogo. Ni rafu rodi kama za kwetu ila imeshindiliwa vizuri, hamna mashimo ya kukuangusha.

Sasa shoga, sijui nikuelezeje raha yake. Dar unaendesha masikio yako yote yako mgongoni, unasikiliza boda inatokea wapi, lori liko umbali gani, konda anapiga bati la daladala wewe moyo unaruka. Ukifika nyumbani shingo imekakamaa hata hukumbuki umepita wapi. Hapa nusu saa ya kwanza mwili bado unasubiri honi, unageuka geuka nyuma bila sababu, alaf polepole unaacha, mabega yanashuka, unaanza kusikia tairi zinavyosaga changarawe, unasikia kigogota anagonga mti, unasikia na pumzi yako mwenyewe. Na mnaendesha wawili sambamba mnapiga stori! Yaani mi na wewe, tuongee yale yote ya miaka hii kilomita kwa kilomita, mtu asitupigie honi. Kwangu hicho ndo kikubwa kuliko hata miti na maua, na ndo maana sitaki uje uishie kuzunguka madukani.

Ingawa miti nayo we acha tu. Kuna barabara ya Rhinefield, pembeni yake wana misonobari mikubwa ajabu iliyopandwa karne ya 19, na mingine ile mijitu ya Marekani inayoitwa sekwoya, unaegesha baiskeli unaangalia juu mpaka kofia inadondoka. Ukiendelea kuelekea Bolderwood kuna kulungu wanakaa uwandani, wale wenye madoa na pembe pana, unawatazama kutoka juu kwenye jukwaa la mbao. Na kuna mwaloni mmoja mzee unaitwa Knightwood, shina lake kulizunguka ni zaidi ya mita 7, umekuwepo tangu kabla ya Wareno hawajajenga Fort Jesus, wengine wanaamini hata zaidi.

Alaf ghafla msitu unaisha unatokea kwenye uwanda wazi. Hapa ndo nataka ufike, na ndo maana nasema Agosti. Huo uwanda wote ni vichaka vifupi vya hetha, vinakufika magotini, na mwezi wa nane mpaka wa tisa mwanzoni vinachanua zambarau mpaka macho yanapoishia, katikati madoa ya njano ya kile kichaka cha miiba wanachokiita gosi. Mara ya kwanza kukiona nilisimama nikainama kushika majani, nikayatambua! Ni ndugu wa ile miti ya Mlima Kilimanjaro, pale juu ya kambi ya Mandara, ukishatoka kwenye msitu wa ukungu unaelekea kambi ya Horombo, ile yenye majani kama sindano na ndevu za kijivu zinaning'inia. Ukoo mmoja kabisa. Kule inakuwa miti mirefu kutuzidi, huku imekaa chini hivyo. Mtoto wa Marangu nikajikuta nalia kidogo, sikutegemea kuyaona majani ya kwetu Uingereza.

Na usidhani huo uwanda uko hivyo wenyewe. Watu wa zamani sana, enzi za shaba, ndo walifyeka msitu wakalisha mifugo, udongo ukachoka, hetha ikashika. Mwaka 1079 mfalme William akapafanya msitu wake wa kuwinda, wenyeji wakabanwa wasizungushie uzio mashamba yao ili kulungu wapite, ila haki ya kulisha mifugo humo ikabaki, na mpaka leo ipo, inakwenda na nyumba au kiwanja. Kwaiyo maelfu ya farasi wadogo, ng'ombe na punda wanazurura huru na kila mmoja ana mwenyewe. Wao wasipotafuna, miti inarudi na uwanda unapotea, kama ulivyopotea sehemu nyingi za Uingereza ulikolimwa, ukapandwa misonobari, ukajengwa. Mkia wa farasi ukiuangalia utakuta umekatwa kwa mtindo fulani, hiyo ndo risiti, inaonyesha mwenyewe kalipa ada ya mwaka na ni wa eneo la askari gani wa mifugo. Na msimu wa mwaloni kuangusha mbegu wanaachia nguruwe wazile, kwasababu mbegu zile mbichi ni sumu kwa farasi na ng'ombe. Mi huo utaratibu naupenda mno, malisho ya pamoja yenye sheria zake na mahakama yake, miaka yote hiyo, na sisi wenye baiskeli tunapita kama wageni tu katikati ya shughuli za watu.

Ndo maana ukija tutafuata masharti. Njia za baiskeli zina nguzo za mbao zenye namba na namba hizo ziko kwenye ramani, unaenda namba mpaka namba, na hutoki kwenye changarawe kuingia kwenye hetha hata kama unaona kinjia kizuri. Kuna ndege wanataga chini kabisa, mayai yako ardhini tu. Mmojawapo ni mpasuasanda, yule wa usiku anayefanana na majani makavu, anakuja huku mwezi wa tano kutaga, baridi ikikaribia anarudi Afrika, na wengine wa jamii yake wanafika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Jioni anavuma kama cherehani bila kupumua. Farasi hawalishwi wala hawashikwi, hata wakija wenyewe kunusa begi, na ukikuta mtu kapanda farasi unapunguza mwendo unamsemesha kwa mbali ili mnyama asishtuke. Ukweli kinachowaua hao wanyama ni magari, kila mwaka wanagongwa kwenye zile barabara za lami zisizo na uzio japo kikomo ni kilomita 64 kwa saa, na inaniuma sana, ndo sababu nyingine naona baiskeli iko mahali pake pale.

Kuna kipande nimekuwekea mwisho wa siku ukiwa umechoka, tambarare kabisa. Ni njia ya zamani ya reli, ilifunguliwa 1847, ikafungwa 1964, walikuwa wanaiita Castleman's Corkscrew kwa jinsi ilivyokuwa inapindapinda. Reli zimeng'olewa, kutoka Burbush mpaka Holmsley sasa ni ya baiskeli na wanaotembea, unapita juu ya tuta hetha ikiwa kushoto na kulia, hamna mlima maana treni haipendi mlima. Na pale Holmsley jengo la stesheni lipo bado, limekuwa mgahawa wa chai, tutakaa hapo tule zile skonzi zao na jamu na krimu.

Baiskeli usibebe, tunakodi palepale Brockenhurst. Nitakuchukulia yenye tairi pana kidogo, upepo tusijaze mpaka iwe jiwe, changarawe inataka tairi linyumbuke kidogo. Wewe leta suruali ndefu nyepesi na soksi za kupanda juu, kuna kupe kwenye nyasi na wana ugonjwa wao unaitwa Lyme, jioni tutakaguana miguu nyuma ya magoti. Koti la mvua lazima, Agosti ya huku haina adabu, saa tatu jua saa nne mvua. Kofia ya baiskeli ninazo mbili.

Tutaenda mwendo wako, ukitaka kushuka tusukume tunashuka, hamna anayetukimbiza. Ukishapata viza tu niambie tarehe, na unitumie urefu wako kwa sentimita ili niwahi kukodi, maana Agosti shule zimefungwa na baiskeli ndogo ndo zinaisha mapema.

Nakupenda, msalimie mama sana.

Wako wa Marangu