Mtoto mkimya asichukuliwe kuwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijadili makala ya ukurasa wako wa afya iliyowashauri wazazi wawasukume watoto wao wakimya wawe wachangamfu, kwa hoja kwamba utafiti umeonyesha kuwa wachangamfu wana furaha kuliko wenzao. Utafiti huo upo, wala mwandishi hakuubuni. Tatizo ni kwamba ameueleza nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu zaidi mzazi.

Mwaka 1980 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Paul Costa na Robert McCrae, walionyesha kwamba furaha ya mtu inafungamana na sifa mbili za haiba yake. Uchangamfu, yaani ile hulka ya kupenda watu, mazungumzo na shughuli nyingi, huendana na hisia njema kama bashasha na hamu ya mambo. Huzuni na hofu hufuata zaidi sifa nyingine, nayo ni wepesi wa mtu kuingiwa na wasiwasi. Kila sifa hupimwa peke yake, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote kwa wingi au akazikosa zote. Kwa hiyo mwanafunzi anayelichekesha darasa zima anaweza kurudi nyumbani akakesha kwa mawazo, na yule anayekaa pembeni na kitabu chake akalala usingizi mzito. Sisi tunaoshughulika na ushauri nasaha shuleni tunalijua hili vizuri: mtoto msemaji ndiye wa mwisho kudhaniwa kuwa ana shida, kwa sababu kelele zake zinatuhakikishia kwamba yu salama.

Makala ilishauri pia kwamba mkimya akijizoeza kuigiza uchangamfu, furaha itakuja yenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2002 William Fleeson na wenzake waliona kuwa watu walioambiwa wachangamke katika mazungumzo ya kikundi walijisikia vizuri kuliko walioambiwa watulie. Hata hivyo, mazungumzo ya muda mfupi hayalingani na maisha ya kila siku. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Australia uliwataka watu waishi kwa uchangamfu wiki nzima, na kwa wastani washiriki walinufaika. Lakini wale ambao kwa asili ni wakimya walipata nafuu ndogo zaidi, walichoka, na walijiona kama watu wasio wa kweli. Mwandishi akitaka kuwashauri wazazi kuhusu watoto wakimya, matokeo ya wakimya wenyewe ndiyo aliyopaswa kuanza nayo.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Utafiti wa mwaka 2010 uliolinganisha jamii za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba uchangamfu humpa mtu furaha na kujithamini zaidi pale anapoishi kati ya watu ambao wengi wao ni wachangamfu. Sehemu ya furaha hiyo, basi, inatokana na mtu kukubalika na wanaomzunguka. Watoto wetu wengi hufundishwa nyumbani wasidakie maneno ya wakubwa, na utulivu wao husifiwa kuwa ni adabu. Kisha wakifika shuleni, utulivu ule ule huandikwa kwenye ripoti kuwa ni kutojiamini. (Na ripoti hiyo husainiwa na mzazi yule yule aliyewafundisha kunyamaza.) Sioni ajabu mtoto wa namna hiyo akishindwa kujua anatakiwa awe nani.

Sisemi kwamba kila ukimya ni wa kuachwa. Yupo mtoto anayetamani kucheza na wenzake lakini hofu inamzuia, na huyo anahitaji kusaidiwa, kwa upole na hatua kwa hatua. Yupo pia anayetosheka na rafiki mmoja au wawili na akachoshwa na umati. Huyu hana ugonjwa. Ukiwatazama uwanjani wakati wa mapumziko utawaona sawa, wote wamekaa kivulini, na ndiyo maana kuwapandisha wote wawili jukwaani kwa lazima ni kumtesa mmoja na kumwongezea mwingine hofu.

Ninaomba ukurasa wa afya utakaporudia mada hii uwaeleze wazazi mambo ya kuchunguza: kama mtoto ana hata mtu mmoja anayemweleza siri zake, kama usingizi na hamu yake ya kula vimebadilika, na kama ameacha ghafla michezo au kazi alizokuwa akizipenda. Maswali hayo yaulizwe kwa mtoto mkimya na kwa mtoto msemaji pia.

Wako,
Mwalimu wa sekondari,
Tanga