Wifi, tochi uliishika wewe

Wifi,

Kadi ya mchango wa harusi ya binti yako imenifikia kwa simu, imetumwa na mtu nisiyemjua. Mkaza mjomba wa bibi harusi ninaandikiwa "Ndugu Mpendwa"! Mchango nimeshatuma, na kaka yako ametuma wake kando, kwa hiyo usije ukasema tumekususia. Yaliyobaki nayaandika hapa hadharani, kwa sababu simu zangu hupokei, na tukikutana sokoni Mlalo unainamia karoti mpaka nipite.

Hongera kwa kikundi kipya. Nimesikia mmeshasajiliwa, mna katiba, na sasa mnataka mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi. Mambo ya usajili unayajua, tuliyahangaikia pamoja baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kutaka hata vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitambulike. Nauli ya kushuka Lushoto ilitoka mifukoni mwetu. Hakuna aliyetulipa, na hatukudai. Watu wanadhani kikundi cha akina mama ni kupika pilau la msiba, kupeleka kuni na uji kwa mzazi, na kubeba mawe siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kujenga zahanati. Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Nzito ni ile ya usiku, watoto wamelala, wewe na mimi na taa ya sola tunatafuta elfu mbili iliyopotelea kati ya hisa na faini.

Kwenye mkopo muwe waangalifu. Katika zile asilimia kumi za mapato ya ndani ya halmashauri, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hazina riba, na hapo ndipo watu wanapolainika. Lakini deni ni la kikundi: mmoja akiuza viazi vyake kwa lumbesa, magunia ya kupita kipimo, akapata hasara, au akihamia Dar bila kuaga, mtamlipia nyote. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024, na katikati hapo nilikuona ulivyokosa raha. Usiichukue kwa hasira ya kusubiri. Na usimpe mtu uongozi kwa kuwa ni ndugu yako. (Mimi nilikuwa ndugu yako. Sikuona faida yake.)

Jingine, andikeni kifungu cha dharura. Semeni nani anaruhusu mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, utolewe nje ya kikao. Katiba ya kikundi chetu cha zamani ilikuwa nzuri kwa kila kitu: kufuli tatu, watunza funguo watatu wasio viongozi, wahesabu fedha wawili, sanduku kwa mweka hazina, yaani wewe, fedha zisiguswe ila mbele ya wanachama wote. Ilisahau tu kwamba wanawake hawasubiri Alhamisi saa tisa ndipo wapate uchungu.

Unajua ninakokwenda. Ule usiku wa masika mgonjwa aliletwa barazani kwako, anatokwa damu, mwenye gari anasema hawashi bila fedha ya mafuta. Mtunza ufunguo mmoja alikuwa kwenye msiba Korogwe, wa pili ng'ambo ya bonde, na mto umejaa. Sanduku ulilitoa wewe mwenyewe chini ya kitanda chako. Nilipoanza kukata kufuli mbili kwa msumeno wa chuma wa mumeo, tochi uliishika wewe, tena ukaniambia, "Fanya haraka, wifi." Tulihesabu pamoja elfu themanini. Nikaandika kwenye daftari, nikatia saini yangu. Nilikuachia nafasi ya kutia yako, ukasema utatia asubuhi.

Alhamisi mwenyekiti akauliza kama kawaida, mfuko wa jamii tulifunga na shilingi ngapi? Wanachama wote wakajibu kwa kukumbuka: 140,000! Wahesabu fedha wakafungua mfuko, wakakuta 60,000. Mle ndani pakawa kimya, na afisa maendeleo wa kata amekaa pale pale mbele. Nikasimama, nikaeleza, nikaonyesha daftari, nikasema muulizeni mweka hazina, alikuwepo.

Ukavuta kanga mabegani ukasema, "Mimi sikutoa idhini."

Wifi, ningekusikia unakana kabisa ningejua una hofu. Hofu naielewa, ulikuwa na binti anayesubiri ada na mume ambaye neno la sanduku lingemfanya akukataze kikundi. Lakini ulichagua maneno. Idhini ni kweli hukutoa, hakuna aliyekuomba! Ulitoa sanduku, ukatoa mwanga, ukatoa mkono wa kuhesabu. Wakanivua ukatibu kikao kile kile, na wewe ukanyoosha mkono pamoja nao. Mkono wa kulia, nauona mpaka leo.

Wanaoniambia niliharibu utaratibu nawajibu kwamba utaratibu niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu. Ningeletewa mgonjwa yule leo ningekata tena, na kufuli ningenunua mpya kama nilivyonunua zile. Mama yule alifika hospitali ya wilaya akajifungua salama. Nasikia sasa ni mwanachama wako, namba nne. Sijui huwa mnaongea nini naye.

Mama yetu, Mungu amrehemu, aliniambia nisubiri utakuja mwenyewe. Tumemzika, ukala nyumbani kwangu siku zote za matanga, tukapokea wageni pamoja, tukacheka hata, ulipokumbusha alivyokuwa akificha sukari. Neno hukuligusa.

Basi, la harusi. Masufuria makubwa mawili na turubai vilinunuliwa na kikundi cha zamani, risiti ninazo. Mumeo ameshatuma vijana mara mbili, nimewarudisha. Kikundi kuvunjika hakujafanya vyombo kuwa vya yeyote kati yetu. Mwenyekiti yupo, kutoa anaweza, ila anataka barua ya maombi yenye saini ya mweka hazina wa zamani, kwa sababu orodha ya mali ya mwaka ule wa mwisho bado ina nafasi tupu chini ya jina lako. Daftari ni lile lile. Ukija kutia saini ya vyombo, ukurasa wa masika uko nyuma yake kidogo. Njoo kabla ya Jumatano, wapishi wanataka kuyasugua masufuria mapema.