Nyumba ya mawe ninayo, tunalala kwenye mbao

Mama mshauri, salamu kutoka Goma, Kongo. Ninaandika usiku kwa mwanga wa simu. Mama Furaha, mke wangu, akijua ninachoandika atacheka, atasema hata ushauri natafuta wa bure.

Nina miaka 37. Natunza stoo kwenye depo ya vifaa vya ujenzi, na Jumapili mchana natengeneza sola na redio za watu. Anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Virunga. Alfajiri, giza bado, yuko Kituku, ufukoni, anangoja mitumbwi. Watoto ni watatu. Tunapanga Mabanga, nyumba ya mbao, vyumba viwili, dola 30 kwa mwezi. Na kule Keshero, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu, kuna nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu na sebule, sakafu ya saruji, tangi la maji uani. Ni yetu. Karatasi zote zina jina langu. Hatujalala humo hata usiku mmoja.

Nianzie mbali kidogo, la sivyo utaniona kichaa.

Nilikuwa na miaka 14 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002. Baba alikuwa na duka la vitenge katikati ya mji, na kila faranga aliyoipata aliirudisha mlemle dukani. Moto ulikata mji mpaka ukaingia ziwani, ukafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Tulivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na godoro moja na sufuria ya maharagi ambayo hayajaiva. Tuliporudi, mahali pa duka palikuwa na jiwe jeusi linafuka moshi. Baba akapanda juu yake na viatu vyake vya plastiki, akasimama pale mpaka soli zikaanza kulainika, mama akamvuta mkono. Hakupata tena kuinuka. Alikufa miaka sita baadaye akidaiwa na watu wanne, na wawili kati yao walikuja msibani na madaftari.

Basi nikajiapia. Mwaka 2015 nikasoma kwenye simu habari za Wamarekani wanaojibana mpaka kuweka nusu ya mshahara na zaidi, wengine wanaacha kazi hata miaka 45 hawajafika. Hesabu yao ni nyepesi: chukua matumizi yako ya mwaka, zidisha mara 25. Ukifikisha kiasi hicho, mwaka wa kwanza unakula asilimia 4, kisha unaongeza kadiri bei zinavyopanda, na mtaji unakuvumilia miaka 30. Hiyo asilimia 4 ilitoka kwa mshauri wa fedha wa kulekule, William Bengen, mwaka 1994, baada ya kupima hisa na hati fungani za Marekani za miaka mingi. Kwetu Kongo soko la hisa hakuna. Faranga nayo si ya kuwekwa: mwaka 2016 dola moja ilikuwa faranga elfu moja hivi, miaka minane baadaye ilishapita 2,800. Nikasema hisa zangu zitakuwa mawe na mabati, na akiba ikae kwa dola.

Tulikuwa tunatumia dola 200 kwa mwezi. Kwa mwaka 2,400. Mara 25 ni 60,000. Mlima. Lakini nikaona kitu ambacho nadhani ndicho kilichoniharibu: ukipunguza matumizi, mlima wenyewe unashuka. Tukiishi kwa 120, unakuwa 36,000. Kila dola moja ninayoikata kwa mwezi inaniondolea dola 300 juu ya mlima. Mtu ukishaijua hesabu hiyo, Mama, sukari haiwi tamu tena.

Nikaanza. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, au bugali na zile sambaza zilizovunjika ambazo wateja wamezikataa. Nyama Noeli na Pasaka. Mafuta napima mwenyewe kwa kifuniko cha chupa, vifuniko viwili kwa sufuria. Vipande vya sabuni vikiisha kuwa vyembamba naviloweka kwenye kopo mpaka vishikane viwe sabuni nyingine, ya rangi tatu. Motari, wale wa pikipiki za abiria, hawajui sauti yangu. Bia niliacha, na pamoja nayo nikawaacha marafiki, maana hapa mtu asiyenunua chupa wala kununuliwa, hata mazungumzo yanamkwepa. Kila usiku naandika kwenye daftari: kilichoingia, kilichotoka. Siku ambayo sikula kitu mchana naandika sifuri, na nakiri kwamba ile sifuri nilikuwa naifurahia.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini Furaha, mkubwa wetu, ana miaka 13 na ameshaingia sekondari, kuna minervali, yaani karo. Nilikuwa nailipa mwisho kabisa, baada ya kufukuzwa mara ya pili. Pesa ilikuwepo. Ila wiki tatu zile iliweza kununua saruji kabla haijapanda bei.

Parseli, yaani kiwanja, ya Keshero tuliipata 2016, kujenga kukatuchukua miaka minne. Mpangaji wa kwanza aliingia 2020, mfanyakazi wa shirika, dola 200 kila mwezi bila kukumbushwa. Tulikubaliana na mke wangu kwamba watoto wasijue. Mtoto akijua, mtaa unajua. Mtaa ukijua, ukoo mzima unahamia kwako na mikeka. Hapo sijutii sana, anayeijua familia yangu ataelewa.

Mei 2021 Nyiragongo ikapasuka tena. Moto uliishia pembeni ya mji, upande wa Buhene, lakini siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka, tukashika njia ya Sake kwa miguu kama maelfu ya watu. Njia hiyo inapita Keshero. Watoto walikuwa wamechoka, wa mwisho yuko mgongoni kwa mama yake. Tukakaa chini tukaegemea ukuta wa nyumba fulani, tukanywa maji ya bidoni, Furaha akaniomba nigonge geti tuombe hata ua tupumzike. Nikamwambia watu wa nyumba kubwa hawapendi kusumbuliwa. Ukuta ulikuwa wetu. Mpangaji alikuwa ameshavuka kwenda Gisenyi, na ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni mwangu. Nilihofia tu kwamba tukiingia, siri imekwisha.

Sasa nije kwenye mwaka 2025. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari tulilala sakafuni siku tatu, magodoro tumeyasimamisha ukutani. Ubao hauzuii kitu. Risasi moja iliingia juu ya kitanda cha watoto, ikatoka upande wa pili. Tundu linaingia kidole gumba. Baadaye nililiziba kwa soksi iliyokuwa imepotelewa na mwenzake.

Mpangaji wetu aliondoka wiki ileile na mfuko mmoja, hakurudi. Benki zikafungwa. Mle mna dola 5,800 zetu. Naziona kwenye simu kama mtu anayemwona nduguye ng'ambo ya mto. Kuzigeuza noti ni kukatwa njiani, na noti zenyewe adimu, halafu ikiwa na mchaniko hata wa upana wa ukucha hakuna anayeipokea. Kilichotulisha miezi ile ni sambaza za Mama Furaha na likelemba yake, mchango wa zamu wa wanawake wa sokoni, ambayo mimi nilikuwa nikiidharau kwa sababu haizai kitu. Ilikuwa haizai, lakini ilikuwa karibu.

Nisijilaumu tu pia. Majirani waliokuwa wanapata kuliko sisi walitikisika kuliko sisi. Kuishi kwa kidogo tulishazoea, hatukuomba mtu. Bosi wangu mwenyewe alikuja kunikopa dola 50, akiwa ameshika kofia mkononi. Kwa hiyo anayeniambia kubana ni ujinga, simwelewi.

Tatizo lilianza nyumba ya Keshero ilipobaki tupu. Mama Furaha alikwenda kuifagia, akamchukua Furaha amsaidie bila kuniuliza. Mtoto alirudi jioni hana neno. Alikula, akaosha sahani, ndipo akaniuliza: "Papa, ni ule ukuta tuliopumzikia?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Kesho yake nilipotoka kazini nikamkuta amefungua daftari zangu, zote, tangu za mwanzo. Lazima nikueleze jambo hapa ambalo hata mke wangu hakulijua. Mwaka mzima, nadhani na zaidi, Furaha alikuwa akipita depo akitoka shule na nusu ya andazi kwenye karatasi. Mama yake alikuwa anampa faranga za andazi moja. Ananiambia ameshiba. Mimi naipokea, naila nimesimama kati ya mifuko ya saruji. Nilijua hajashiba, mtoto wa umri ule hashibi kwa nusu andazi. Nilijiambia anajifunza kugawana. Yeye alikuwa anaamini baba yake hana cha kula.

Kwenye daftari siku zile zote zimeandikwa sifuri. Alizihesabu. Akaniuliza kwa nini andazi lake halimo.

Tangu hapo ananisalimia, ananiletea maji ya kunawa, yote ya heshima anayafanya. Ila depo hapiti tena.

Sasa shauri lenyewe. Amejitokeza mtu anayetaka nyumba ya Keshero, mfanyabiashara wa maharagi. Anatoa dola 120 kwa mwezi, na analipa miezi sita mbele, noti mkononi: dola 720 taslimu wakati ambao watu hawajui noti inafananaje. Anataka jibu Jumamosi. Mama Furaha anasema tunahamia kwetu, na kama mimi nabaki Mabanga, nibaki na kopo langu la sabuni. Zamu yake ya likelemba ni mwezi huu. Ameshaongea na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, bei ya kubeba vitanda.

Nilimwekea hesabu. Tukihamia tunaokoa dola 30 za kodi lakini tunapoteza 120, hasara ni 90 kila mwezi. Kwa mwaka 1,080. Kwa hesabu ya mara 25, nimejirudisha nyuma dola 27,000 juu ya mlima, na mtaji wangu mwingine umefungiwa. Yeye atakuwa mbali na soko asubuhi, itabidi alipe moto, yaani pikipiki. Watoto watabadili shule au watembee. Yote ni kweli, na nilimweleza bila hasira.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Papa Furaha, na lile tundu la risasi umeliandika upande gani, wa kuingia au wa kutoka?"

Mpaka leo sijamjibu.

Mama mshauri, naomba usinijibu kwamba maisha ni mafupi, hilo wananiambia walevi. Nataka mtu aniangalizie hesabu kwa macho ambayo hayakuona lile jiwe linafuka moshi. Nimefikiria njia ya katikati: tuhamie sisi, chumba kimoja chenye mlango wa nje tumpangishe mwanafunzi au mwalimu, tupate hata dola 40. Mke wangu hajakataa, ila amesema mlango huo niufungue baada ya watoto kuchagua vyumba vyao, si kabla. Nimefikiria pia kumpa huyu mfanyabiashara miezi sita tu, hizo 720 ziwe nauli yetu ya kutokea kwenye mbao, ndipo tuhamie. Lakini najijua. Miezi sita ikiisha nitatafuta mingine sita. Mwaka 2020 nilisema mpangaji mmoja tu, kisha tunahamia.

Na kuhusu Furaha, sijui baba anaanzia wapi. Kumwomba mtoto msamaha kwetu si jambo la kawaida, baba yangu hakuniomba hata mara moja, na mimi sikutegemea. Niliwaza kumnunulia andazi nimpelekee shuleni, nikaona itakuwa kama namlipa deni mbele ya wenzake. Niliwaza kumwambia habari za babu yake na viatu vya plastiki. Anaijua, nimeisimulia mara mia.

Daftari la mwaka huu bado liko kwake, chini ya mto. Sijalidai. Leo ni siku ya tisa sijaandika kitu, si kilichoingia wala kilichotoka, na jana nilipanda moto kutoka kazini kwa sababu mvua ilikuwa kali, nikalipa, sikumbuki hata ni faranga ngapi.

Nijibu kabla ya Jumamosi kama unaweza.

Baba Furaha,
Mabanga, Goma