Zaburi ya 119 kuanzia Jumatatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuanzia Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, tutasoma Zaburi ya 119, yenye mistari 176 iliyopangwa katika mafungu 22 ya mistari minane minane kwa kufuata herufi za Kiebrania, ili kila siku mtu asome fungu moja tu na kuliombea. Naomba tusikimbilie fungu linalofuata, kwani ni afadhali kukaa na mstari mmoja hadi ukuguse kuliko kumaliza sura nzima huku akili iko jikoni kwenye uji.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe kwa muda mrefu niliamka nikashika simu kwanza, na nilipomaliza kujibu ujumbe (wa kikundi hiki ukiwemo), muda wa daladala ulikuwa umefika, na sala ikawa ya kusemea njiani. Sasa simu inalala sebuleni, na Biblia ya karatasi iko kando ya mto. Marko 1:35 inaeleza kwamba Yesu aliamka kukiwa bado giza akaenda kuomba mahali pasipo watu, ilhali jioni iliyotangulia alikuwa ameponya wagonjwa wengi.

Wenye zamu za usiku watasoma wakati unaowafaa. Tafadhali, picha za maua zisitumwe kabla ya saa moja.