Mtu wako amezama ukurasa wa pili

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuandama. Andiko lako la kuombea pesa za filamu ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisinzia. Usinune, afadhali nikwambie mimi kabla hajakwambia mwenye pesa.

Umeanza na Papenburg, Ujerumani, 1913. Kisha masanduku 5,000 ya vipande vya meli, kisha reli ya Kigoma, kisha tani ngapi, mita ngapi. Ukurasa mzima meli inaundwa na hakuna binadamu hata mmoja anayekohoa! Atakayekupa dakika tatu hanunui meli. Anatafuta mtu wa kumshikia roho.

Naye yumo. Umemzika ukurasa wa pili, katikati ya aya: kabla Wajerumani hawajaizamisha wenyewe Julai 1916, mashine zilipakwa grisi. Hapo nilikaa kitako. Unakizamisha chombo kwa mkono wako na papo hapo unakitunza? Huyo ana siri, au ana mapenzi. Na grisi ilifanya kazi: Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kubeba watu ziwani.

Nimejaribu hivi, uchane upendavyo:

"Kigoma, 1916. Kijana wa Ujiji aliyegonga ribiti za meli hii anaamriwa asaidie kuizamisha kabla Wabelgiji hawajaingia mjini. Ana usiku mmoja wa kuamua: azipake mashine grisi ili siku moja ziamke, au aziache zioze pamoja na utawala uliomchapa viboko."

Kijana huyo ni wa kubuni, nawe useme hivyo waziwazi. Masanduku yako yasubiri maswali. Wakiuliza, mwaga Papenburg yote.

Kuhusu pesa, usiandike tena "bajeti itajadiliwa". Sema hadithi ni usiku mmoja, chumba cha mashine, waigizaji wanne, na meli inazama kwa sauti na mapovu. Mwenye mfuko akisikia vita vya dunia anaona noti zinaruka. Akisikia chumba kimoja, anavuta kiti.

Na lile jina, "Historia Adhimu ya MV Liemba", lifute. Linafaa kalenda ya bandari. Mimi ningeiita "Grisi", ingawa shemeji yako anacheka, anasema hiyo ni gereji.

Ukishaandika upya nipigie, unisomee bila utangulizi. Bibi mwambie dagaa wamefika, na wameshaisha.

Wako wa siku zote