Mjamzito anayekoroma aulizwe, asichekwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu katuni mliyoitoa Jumapili, ile ya mwanamke mwenye tumbo la miezi minane aliyelala chali, mdomo wazi, mapazia yanapepea kwa mkoromo wake, na mumewe anatoroka chumbani na godoro kichwani. Nilicheka, nisije nikaonekana mnoko. Baba watoto alicheka kunizidi, akaikata na kuibandika ukutani juu ya cherehani yangu. Sasa wateja wakija kupima nguo wanaitazama katuni, wananitazama mimi, halafu wanajikohoza.

Wana haki ya kujikohoza. Mimi ni fundi wa nguo, nina mimba ya wiki 35, na nakoroma. Mimba mbili za nyuma sikukoroma, na kabla ya hii nilikuwa nalala kimya mpaka baba watoto ananigusa kuhakikisha nipo. Kwa hiyo nina ya kusema juu ya mchoro ule. La kwanza ni kwamba mchoraji kampatia mama wa watu kila kitu, isipokuwa kamlaza vibaya.

Mwanamke mwenye tumbo la miezi minane hashauriwi kulala chali. Ushauri wa wataalamu ni kwamba kuanzia wiki ya 28 mama ajilaze ubavu anapoutafuta usingizi, wa kushoto au wa kulia, wowote unaomkalia vizuri. Ukilala chali, mji wa mimba na kila kilichomo vinaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Tafiti zimeona kwamba wanawake wanaoanza usingizi wakiwa chali katika miezi mitatu ya mwisho wana hatari zaidi ya kujifungua mtoto aliyekwisha kufa. Hapohapo ulimi nao unarudi nyuma, koo linabanwa, mkoromo unapanda. Lakini dada, ukiamka usiku ukajikuta chali usianze kulia. Geuka, endelea kulala. Kinachohesabika zaidi ni ulivyojilaza mwanzo, maana ndiyo hali unayokaa nayo kwa muda mrefu.

Kugeuka kwenyewe sasa, tumbo likishakuwa hivi, ni kazi ya kutafutiwa mbinu. Hapa ufundi wangu ulinifaa. Nilishona mto mrefu, unaanzia kwapani unaishia chini ya goti, wa kitambaa kizito cha pamba, nikaujaza vipande vinavyobaki mezani nikikata nguo za watu. Sifongo laini niliikataa kwa sababu inabonyea. Kufika alfajiri huna mto, una mfuko. Huo unakaa mbele, tumbo linaegemea, na goti la juu linapanda juu yake ili kiuno kisijinyonge. Nyuma ya mgongo naweka mwingine mfupi, mgumu, nilioutia zipu niweze kuongeza au kupunguza vipande. Kazi yake ni moja: kunizuia nisibiringike chali. Wapo wanaoshona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia wakatia mpira mdogo. Nimeujaribu. Ukigeuka unakuamsha kweli, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu mimi kibofu tayari kinaniamsha vya kutosha.

Kichwani nako watu wanakosea, wanarundika mito miwili mitatu. Kidevu kinaingia kifuani, shingo inapinda, na njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba. Kinachotakiwa kunyanyuka ni kuanzia mgongo wa juu. Nilichukua godoro kuukuu la sifongo ngumu nikalikata mshazari, likawa kabari pana ya kubeba mabega, shingo na kichwa kwa pamoja. Usiku wa kwanza baba watoto alisema mkoromo umeshuka, sasa ni wa mtu wa kawaida. Nimelipokea kama sifa.

Kwa nini tunakoroma, wakati hatukuwa hivyo? Damu ya mwanamke katika mimba huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na homoni, hasa estrojeni, huzivimbisha kuta za ndani za pua. Ndiyo maana mwaka huu nimekuwa na mafua yasiyo mafua: pua imeziba, hakuna homa, hakuna chafya. Koo nalo linashika maji, na ukilala, maji yaliyokuwa miguuni mchana yanapanda kuelekea shingoni. Chini, mji wa mimba unakisukuma kiwambo cha kupumulia juu kwa kama sentimita 4, na akiba ya hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi inapungua. Basi hewa inalazimishwa kupita penye nafasi ndogo, na nyama laini za nyuma ya koo zinapepea kama kitambaa chepesi mbele ya feni. Uzembe haumo, wala unene peke yake si sababu.

Kwa pua, mimi naisafisha jioni kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo ya bomba moja kwa moja. Ile plasta inayobandikwa kwenye mwamba wa pua nayo inasaidia kidogo na haina dawa ndani. Matone ya kuzibua pua usijinunulie bila kumwuliza daktari. Hata yale yanayoruhusiwa, ukiyazoea zaidi ya siku chache pua huziba kuliko mwanzo. Dawa za usingizi na pombe zinaulegeza koo, achana navyo. Na asitokee mtu wa kukuambia ujinyime chakula upungue mwili katika miezi hii.

Mpaka hapo, mhariri, katuni yenu ingekuwa utani tu na barua hii isingeandikwa. Kuna upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa utafiti waliowauliza wajawazito zaidi ya 1,700 habari za kukoroma. Takriban robo yao walikuwa wameanza kukoroma katika mimba. Hao walioanza ndani ya mimba ndio walioonekana kupata zaidi presha ya mimba, pamoja na ile hali inayoweza kumfikisha mama kwenye kifafa cha mimba. Waliokuwa wakikoroma tangu zamani hawakuonyesha tofauti hiyo. Sisemi mkoromo ndio unaoleta presha, na wengi wetu tunakoroma mpaka tunajifungua salama. Ninachosema ni kwamba swali la kumwuliza mama si kama anakoroma tu, bali alianza lini.

Na swali hilo haliulizwi. Kadi yangu ya kliniki ina sehemu ya uzito, ya presha, ya mkojo, ya kuvimba miguu, ya mtoto anachezaje. Ya usingizi haimo. Nisingefungua mdomo mwenyewe, ningetoka kama nilivyoingia. Nilipomwambia mkunga kwamba tangu wiki ya 29 nakoroma karibu kila usiku, aliweka kalamu chini.

"Mama, huwa unakatika pumzi?"

"Nitajuaje nami nimelala?"

"Anayelala na wewe yuko wapi?"

Alikuwa nje kwenye benchi. Akaitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mkunga akamwomba aeleze, naye badala ya kueleza akakoroma. Akakoroma vizuri sana, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akachungulia. Mkunga hakucheka. Alimwuliza: katikati ya mkoromo kuna kimya? Kimya hicho kinafuatiwa na kukurupuka au kukaba? Baba watoto alifikiri, akasema hapana, unakwenda mfululizo. Mimi nikaulizwa kama naamka na kichwa kinauma, kama mdomo unakauka, kama mchana nasinzia. Nikasema mdomo unakauka, na kusinzia kila mjamzito anasinzia. Akasema ndiyo, lakini je, unasinzia ukiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga? Hapo nilimwelewa. Fundi akisinzia mguu ukiwa kwenye pedali, sindano haimwulizi kidole kimefikaje. Nikasema hapana, bado.

Presha ilikuwa 118 kwa 76, mkojo hauna protini. Akaandika pembeni ya kadi, mahali ambapo hapana mstari: "anakoroma, imeanza wiki 29". Kila nikirudi anayenipima analiona na anauliza. Mkunga yule alilifanya kwa akili yake mwenyewe, na ndiyo maana naandika. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonwe mara 8, na 5 kati ya hizo ziko katika miezi mitatu ya mwisho, wakati huohuo mkoromo unapoota. Mwanya wa kuuliza upo mara tano. Wanaochapisha kadi wangeongeza mstari mmoja tu.

Wifi yangu alikuwa na kile kimya. Kaka alikuwa akimsikia anakoroma, ghafla hakuna sauti, anahesabu moyoni, halafu mtu anavuta hewa kwa nguvu kama aliyeibuka majini. Walimpa kifaa cha kuvaa kidoleni na kifuani alale nacho, kikaonyesha pumzi zinakatika na oksijeni inashuka. Akaanzishiwa mashine yenye kinyago inayosukuma hewa kulizuia koo lisizibe. Haina dawa, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Wiki ya kwanza aliichukia, kinyago kilimwachia alama shavuni. Baadaye alikuwa hataki kulala bila hiyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa anaamka kichwa hakiumi.

Sasa mrudieni yule mume wa kwenye katuni na godoro lake. Namwonea huruma, naye ana kazi asubuhi. Lakini anayekoroma hajisikii, na anapohama chumba, sikio pekee la mkewe linahama naye. Sisi tumekubaliana hivi: siku anayoamkia mbali analala sebuleni na mlango unabaki wazi, siku nyingine analala hapa na vizibo vya masikio karibu, lakini haviingizi mpaka amenisikiliza kwanza. Akinikuta chali ananisukuma bega, nami nageuka bila hata kuamka vizuri. Mchoraji wenu akitaka kumchora tena amchore hivyo, mkono begani na macho mekundu. Bado itachekesha.

Jambo jingine lisisubiri siku ya kliniki wala lisihusishwe na kukoroma tu: kichwa kinachouma vikali na hakitulii, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo si presha ya kuambiwa ukapumzike nyumbani bila kuchunguzwa.

Nawafikiria pia wanaolala peke yao, maana si kila tumbo lina mtu wa kulisikiliza. Mteja wangu mmoja, mume wake yuko safarini kikazi, alinisimulia anavyofanya, nami nimemwigiza siku baba watoto hayupo. Anaichomeka simu kwenye chaji, anaiweka mezani karibu na kitanda, anaiwashia kinasa sauti na kulala. Asubuhi hasikilizi usiku mzima, nani ana nafasi hiyo? Simu inachora sauti kwa milima na mabonde. Anatafuta mahali mlima mrefu unapokatika ukawa bapa, anasikiliza hapo. Kimya cha sekunde 10 na zaidi kinachoishia kwa kuvuta pumzi kwa kishindo, kikijirudia, anakikata kipande hicho na kukipeleka kliniki. Daktari wenu wa ukurasa wa afya angeandika juu ya hilo wiki moja, angewafaa wengi ambao hawana wa kumwita kutoka kwenye benchi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa nguo, wiki ya 35