Midomo ya paipu za breki: maandalizi ya Jumamosi

Ndugu mafundi, habari za kazi.

Tutakapokutana Mikindani, naomba kila mmoja aje na paipu ya milimita 4.75 ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inayostahimili hewa yetu ya chumvi kuliko chuma, wala si shaba tupu ya friji, ambayo huchoka kwa mtetemo na kupasuka. Mdomo, yaani ncha ya paipu iliyopanuliwa, wa breki za Toyota hukunjwa mara mbili kwa nyuzi 45. Wa mkunjo mmoja nimeuona ukifanya ufa mwembamba kama unywele, mafuta yakachuruzika hadi kwenye tairi. Ukingo usuguliwe kwa tupa, ndani na nje, na tafadhali nati itangulie kuvishwa kwenye paipu, kwa kuwa mdomo ukishapanuliwa haipiti tena.